Mwanaume Aliyeandikwa na Karani

Mwaka 1956 kampuni tuliyokuwa tukiichambulia kahawa ilifunga banda letu, na wanawake wote tukarudishwa nyumbani. Asiye na mume aliahidiwa posho ya mwaka mzima: unga, maharage, chumvi na mafuta ya mawese. Lakini siku akianza kuishi na mwanaume posho inakatwa, maana sasa ana wa kumlisha. Mimi Léocadie nina mume, Modeste, kwa hiyo sikupata hata punje. Kwamba Modeste mwenyewe analishwa na mimi, hilo hakuna aliyeniuliza.

Jirani yangu Mukashyaka alipata. Mumewe, Onésime, alikufa miaka miwili kabla ya hapo. Aliteremka kwenye shimo la mawe ya volkano kukata majani ya mbuzi, akakutana na mazuku, ile hewa nzito inayolala chini na kuua bila kelele. Tulimkuta juu ya majani yake kama mtu aliyejipumzisha.

Sasa Mukashyaka alikuwa amempata Damascène, mwashi mpole ambaye kazi yake ilikuja na kupotea. Bila posho wangelala njaa. Kwetu mjane hahami kimyakimya. Wakwe wanaitwa, pombe ya ndizi inanywewa, na mjane anasimama katika nyumba ya marehemu kumuaga kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshauri aache. Pombe ikinywewa, cité nzima, mtaa wetu wote, ingejua, na karani wa kampuni naye ana masikio. Basi akafunga mlango kwa kufuli, akahamia kwa Damascène, na kila siku ya ugawaji alirudi kujifanya anafagia ua wake, nami nikimwapia karani kwamba anaishi peke yake. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, karani Émile alisimama mlangoni pangu na daftari mkononi. Alikuwa mgeni kutoka Bukavu, hana hata mwezi mmoja Goma.

"Mama Léocadie, ulinidanganya. Mukashyaka iko na mwanaume."

Nilidhani amemwona Damascène.

"Ulimuona wapi?"

"Mu nyumba yake. Mulango ilikuwa wazi. Aliikala chini, uso amegeuzia ukuta. Niliuliza jina, akasema Onésime, bwana ya Mukashyaka. Niliuliza bibi yake iko wapi. Akasema, 'Ninamungoya. Hajaniaga.' Niliandika. Posho imekatwa."

Aliyasema hayo akitafuta kalamu mfukoni, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Jina la Onésime hakuwa amelisikia popote.

Nilikwenda kumwita Mukashyaka, na Damascène akatufuata. Kufuli lilikuwa limefungwa, lina kutu. Mukashyaka alilifungua kwa shida, tukaingia wawili. Katikati ya chumba palikuwa na mzigo wa majani mabichi, yametoka kukatwa, bado yana umande. Niliwasha taa ya mafuta. Nilipoishika kifuani iliwaka vizuri. Nilipoiweka chini ilizimika. Nikaiwasha tena, ikazimika tena. Mtu yeyote wa Goma anajua maana yake: mazuku imelala sakafuni.

"Muage," nilimwambia. "Posho imeisha kukatwa, hakuna tena cha kuficha. Muage, tutoke humu."

Damascène alikuwa amesimama nje, kofia mkononi. "Mukashyaka," alisema, "mimi nitakulisha. Hata kama ni viazi tu. Sema ile neno, twende."

Mukashyaka alifungua mdomo. Nilimwona akiutafuta ulimi. Kisha akanigeukia.

"Léocadie, ulizani niliacha kumuaga juu ya posho?"

Niliinama nikaiokota taa.

"Ulinipa sababu, nikaipokea. Hata ungesema nini, singeweza."

Akapiga magoti kando ya majani, akaketi pale pale taa ilipozimikia, uso akaugeuzia ukuta. Nilimshika mkono, Damascène akaingia akamshika mwingine. "Muniache kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya usingizi. "Iko anaongea." Tulimkokota hadi juani. Alipumua, akakohoa, akatutazama bila chuki yoyote. Jioni alirudi mule, akabaki huko.

Kesho yake Damascène aliniletea nguo za Mukashyaka ndani ya kitambaa, zimekunjwa vizuri, akaondoka. Alilia njiani.

Wiki ile ile Émile alirudi. Ofisini walikuwa wamemwonyesha karatasi kwamba Onésime alikufa tangu zamani, na walikuwa tayari kumrudishia mjane posho yake. Kilichobaki ni jirani mmoja kuthibitisha. Akafungua daftari, akaniuliza kama Mukashyaka anaishi na mwanaume.

Nilimwambia ndiyo, na mumewe.