Kabichi Zisizo na Tundu

Bi Roswitha Kühnel alichungulia kabichi za jirani yake kwa mara ya tatu asubuhi ile, asione hata tundu moja. Zake yeye, hatua nne tu kutoka pale, viwavi walikuwa wamezitoboa zikawa kama chujio.

"Huyu anapiga sumu," alinong'ona.

Katika bustani zile za chama cha wakulima, kando ya reli mjini Chemnitz, Ujerumani, sumu ilikuwa marufuku. Ukikamatwa nayo unanyang'anywa kiwanja, basi. Na Bi Roswitha, tangu mumewe Eberhard afariki mwaka juzi, hakuwa na kingine cha kumtoa nyumbani. Eberhard alisifiwa na chama kizima kwa kulima bila dawa. Leo mgeni wa juzi tu, Detlev Naumann, amshinde?

Mara akamwona Naumann ameinama na kichupa, ananyunyiza.

"Unanyunyiza nini hicho, jirani?"

"Maji ya sabuni, Bi Kühnel. Ya vidukari. Viwavi nawatoa kwa vidole kabla ya kwenda kazini. Ukitaka, nitakuonyesha mayai yao yanapojificha."

"Mimi nifundishwe kabichi na wewe? Hebu!"

Sabuni! Alimdhani yeye mtoto mdogo? Jioni ile ile aliandika barua kwa uongozi. Alijua kanuni: anayeshtaki naye hukaguliwa banda lake la zana, ili watu wasichongeane kwa chuki. Wacha waje, alijiambia. Mtu safi ataogopa nini?

Jumamosi akaja mwenyekiti, Bi Gudrun Pohl, na karatasi zake. Alinusa kichupa cha Naumann, akapekua banda lake kila pembe, hakupata kitu.

"Tazama vizuri, Gudrun! Ameificha huyo!"

"Nimetazama. Sasa twende kwako."

Bi Roswitha akafungua banda kwa madaha. Bi Pohl alisogeza majembe ya marehemu, akagusa ubao uliolegea ukutani, ubao ukaanguka. Nyuma yake palikuwa na kopo la unga mweupe, lenye alama ya fuvu.

Bi Roswitha alilinyakua kabla mwenzake hajalishika. Ubavuni palikuwa na karatasi, na mwandiko wa mumewe aliutambua mara moja: "Kabichi, kila Alhamisi, R. akienda kwaya."

Miaka yote ile. Na yeye akizichachusha kabichi zile kwa chumvi, akizigawa kwa majirani, akijivuna. Eberhard angekuwa hai angempiga kopo lile la kichwa.

"La nani hilo?" Bi Pohl aliuliza.

"Huenda ni la zamani," Naumann akasema taratibu. "Labda marehemu..."

"Wewe nyamaza! Marehemu hakuwa mtu wa hivyo." Kiganja chake kilifunika karatasi. "Ni langu."

Bi Pohl alizitazama kabichi nje, kisha akamtazama yeye. "Lako? Mbona zako zimeliwa hivi?"

"Sijui kulitumia."

"Roswitha, unajua nitalazimika kuandika nini hapa."

"Najua. Andika."

Bi Pohl akaandika. Bi Roswitha alisimama mlangoni mwa banda, anamchukia Eberhard kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na kwa ukucha wa kidole gumba anaibandua ile karatasi polepole, mpaka ikabaki ngumini mwake.