W Yenye Pembe

Ukutani jikoni kwa Thirza Ellerskew palikuwa na ramani ya Uingereza iliyochomwachomwa pini kama kimto cha fundi cherehani. Pini nyeupe thelathini na moja, za kijani hamsini na nane. Kila pini ni mtu, na watu wote hao jina lao lilitoka bonde moja tu la kaskazini, katikati ya milima ya kondoo. Kwingine hulikuti. Nyeupe zilikuwa za akina Ellerskew wa W, nazo zilikaa milimani, chache mjini Kendal, na mbili kwenye kikaratasi pembeni kwa sababu wenyewe wako Kanada na ramani haifiki huko. Za kijani zilikuwa za akina Ellerskey wa Y. Hizo zote zimerundikana pwani, mji wa Barrow wanakounda meli, kama kondoo waliokimbilia pembe moja ya zizi.

"Wenye mkia," ndivyo walivyoitwa nyumbani kwa Thirza tangu alipokuwa mtoto, maana y ndogo ina mkia na w haina.

Ellerskew kilikuwa kijiji kabla ya kuwa jina la watu. Nyumba saba na kanisa, chini bondeni, kwenye msitu wa ile miti ipendayo maji. Mwaka 1929 mji mkubwa wa mbali ukataka maji ya kunywa, ukaliona bonde. Wenye nyumba saba wakaapa kanisani kwamba hakuna atakayeweka sahihi. Wiki mbili hazikupita, mmoja akaweka kwa siri, na wakubwa wa maji walipokwisha kupata wa kwanza, wengine wakavunjika mioyo mmoja baada ya mwingine. Leo kijiji kiko chini ya bwawa.

Aliyeweka sahihi, Thirza aliambiwa na babu yake Josiah, ni Enoch, binamu ya babu mwenyewe. Kwani hakupata kazi ya unyapara Barrow upesi upesi, wakati wenzake bado wanafunga vyungu? Babu Josiah alimsimamisha mlangoni mwa kanisa mbele za watu akamwambia, "Jina hili ni la bonde hili. Usilivae tena." Enoch alipofika Barrow akawaandikisha watoto shule kwa Y. Huko milimani kondoo hukatwa alama sikioni, na anayegeuza alama ni mwizi. Basi watu wakasema, mnaona, kajikata sikio mwenyewe.

Hayo Thirza aliyameza pamoja na maziwa. Na yalimgharimu.

Alipokuwa na miaka ishirini na mbili alikutana kwenye mnada wa kondoo na kijana mmoja fundi wa meli, mrefu, masikio yamechomoza, mcheshi. Amos Ellerskey, mjukuu wa Enoch. Kila Jumapili alipanda pikipiki kutoka Barrow, wakakaa juu ya ukuta wa mawe wakitegeana vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji, na Amos kila mara alitoa mji uleule.

"Kitendawili," Thirza angesema.

"Tega."

"Nyumba zina madirisha, wenyeji hawana miguu."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Ellerskew."

"Huo umejaa maji, bwana."

"Ndiyo jibu, mama. Wenyeji samaki. Sikushindwa, nimekuhurumia tu."

Mwezi wa Aprili 1951 babu Josiah alimwita Thirza akamwambia achague, mwenye mkia au nyumba hii. Jumapili ile Thirza alishuka mpaka getini, na Amos alipoteremka kwenye pikipiki akamwambia asirudi tena. Amos alisema neno moja: babu yangu hakuweka sahihi, Thirza, hata siku anakufa aliapa. Thirza akamjibu kwamba wote waliouza huapa. Akafunga geti.

Hakuolewa. Alibaki shambani High Rigg na mdogo wake Lanty, ambaye naye hakuoa. Alimuuguza mama yao hadi mwisho, akamzika babu, akapika, akafua, na usiku wa baridi akakusanya habari za jina. Alijua nani kazaliwa wapi tangu vitabu vya kanisa vya kale, na mwaka 1996 akawa mkuu wa mkutano wa ukoo unaofanyika kila kiangazi kwenye ukumbi wa kanisa. Vijana walimwomba mwaka ule wa Y nao waalikwe, kwa kuwa wa W wanakwisha. Akakubali shingo upande. Ila alikata shauri kwamba kijitabu chake cha historia ya jina kiwe na ukurasa wa mwisho wenye ile sahihi ya Enoch, ili waje, wale, na waione. Si kwa ubaya, alijiambia. Historia ikae sawa tu. Akaandika barua nyumba ya kumbukumbu, zinakotunzwa hati za kale, wamtolee nakala.

Bahasha ilikuja Jumanne, mwezi mmoja kabla ya mkutano. Aliifungua kwa kisu cha siagi.

Ilikuwa karatasi moja, tarehe ya juu, maneno ya kisheria, na chini sahihi ya kwanza kabisa. Ellerskew. Na ile W ya mwisho ilikuwa na pembe mbili zilizojikunja nje, kama pembe za dume la kondoo.

Thirza hakuhitaji kusoma jina la mbele. Aliinuka, akateremsha Biblia ya ukoo, akafungua ukurasa wa vizazi. Pale babu Josiah alikuwa ameandika kwa mkono wake: Thirza Ellerskew, tarehe 3 Machi 1928. Pembe zilezile. Aliweka karatasi kando ya Biblia, akazitazama zote mbili mpaka chai ikapoa. Katika nyumba nzima ya kumbukumbu, katika miaka yote ile, alikuwa ameomba kuona sahihi za kila mtu isipokuwa hii.

Lanty aliingia saa sita, akavua mabuti mlangoni, akaketi akingoja chakula.

"Njoo uone mwandiko," Thirza alisema.

"Mwandiko gani tena? Nina njaa, dada."

"Njaa itakungoja. Soma hapa."

Hakusoma. Hilo ndilo lililomchoma kwanza: hakuinama hata kuangalia. Alitazama bahasha, halafu dirisha.

"Nani kakupa hiyo?"

"Kumbe unaijua."

Lanty aliupapasa mfuko wa kiko, na kiko hakimo. "Baba aliniambia. Zile siku anaumwa. Alisema shamba hili ndilo wakubwa wa maji walilompa babu kwa kuwa wa kwanza kuweka sahihi. Akasema nisikuambie, utashindwa kuficha."

Thirza akapiga hesabu kichwani. Baba yao alikufa Novemba 1950. Amos alisimama getini Aprili iliyofuata.

"Siku ile getini wewe ulikuwa wapi?"

"Ghalani."

"Ulisikia."

"Nilisikia, dada."

"Na ulijua anasema kweli."

"Babu alikuwa hai bado, shamba liko mkononi mwake. Ningesema nini?"

"Neno moja. Ungesema, Thirza, ngoja."

"Ungekwenda Barrow, ungekwenda tu." Lanty alisema kama anayesema mvua imenyesha. "Mama hajiwezi, babu ndiye yule unayemjua, mimi na kondoo mia nne. Nani angebaki jikoni?"

Thirza alikuwa ameshika mwiko. Aliutazama kama kitu kilichookotwa. Miaka arobaini na mitano alidhani amebaki kwa sababu ya heshima ya jina. Kumbe amebaki kwa sababu ya viazi.

"Ukurasa wa mwisho utakuwa huu," alisema baadaye. "Na Biblia kando yake, watu walinganishe."

"Dada, wote wamekufa."

"Amos hajafa. Amejibu mwaliko."

Lanty akasema kwa upole, "Haya, ni kazi yako. Nipe nikupelekee kwa mchapaji Ijumaa, ninakwenda Kendal."

Thirza haendeshi gari. Akafunga kurasa zote kwa utepe, pamoja na picha za maandishi yote mawili, akampa.

Siku ya mkutano mvua haikunyesha, jambo ambalo watu wa huko hulizungumza kwa nusu saa kabla ya salamu. Kwenye ukumbi wa kanisa palikuwa na mikate ya nyama ya nguruwe, keki za tangawizi, na bakuli la siagi iliyopigwa na sukari na ramu. Mlangoni paliwekwa meza yenye kadi tupu na kalamu, kila mtu aandike jina lake abandike kifuani. Wa W walisimama upande wa jiko. Wa Y wakaingia kwa basi, wakasimama upande wa dirisha, wakiwa wengi kuliko walivyotazamiwa na wakiwa na njaa.

"Hawa ndio wa W?" mama mmoja wa Barrow alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Mbona wafupi?"

"Milima imewakalia kichwani," mwenzake akajibu.

Amos alikuja wa mwisho, na fimbo. Masikio yalikuwa yamechomoza vilevile. Thirza alikuwa nyuma ya birika kubwa la chai.

"Bibi Thirza."

"Bwana Amos. Sukari?"

"Mbili. Daktari anasema hata moja nisitie, kwa hiyo tia mbili." Alipokea kikombe. "Nilioa, unajua. Mke mwema, amefariki miaka sita sasa. Sikuja kukudai kitu."

"Ulinieleza getini," Thirza alisema.

"Nilikueleza."

"Sikukusikia."

"Ulinisikia vizuri sana," Amos alisema, na hakutabasamu. "Hukuniamini. Ni vitu viwili."

Thirza alifunga bomba la birika. Akajiambia, kijitabu kitajibu. Aliwaomba vijana wafungue maboksi yaliyotoka kwa mchapaji, wagawe. Watu wakaanza kufunua, na yeye akafunua cha kwake kutoka nyuma, moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho.

Palikuwa na picha ya kondoo. Dume la Lanty, lililoshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya mwaka jana, na utepe shingoni.

Alifunua tena, polepole, labda kurasa zimegandana. Hazikugandana. Ukurasa wa kabla ya ule ulisema, kama alivyokuwa ameandika zamani kabla ya bahasha kuja, kwamba mwaka 1929 Enoch, wa tawi la Barrow, aliweka sahihi. Maneno yake mwenyewe, aliyokuwa ameyafuta kwa wino mwekundu. Lanty alikuwa amechukua nakala ya kale mtotoni mwa meza akampa mchapaji.

Upande wa dirisha wakafika mstari ule. Mtu mmoja wa Y alifunga kijitabu akakiweka kwenye sahani ya keki. Amos alikuwa bado anasoma, kidole chini ya mstari, midomo ikienda. Alipomaliza alimtazama Thirza kama alivyomtazama geti lilipofungwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa kwenye mkoba wa Thirza. Angeweza kuitoa hapo hapo akaipunga. Lakini alimwona Lanty kule mwisho wa ukumbi, anajishughulisha na viti ambavyo havikuhitaji kushughulikiwa, shingo imeiva nyekundu, na akaona kwamba karatasi haitoshi. Karatasi amekwisha kuwa nayo mwezi mzima.

Akaenda kwenye meza ya mlangoni. Akabandua kadi yake, akachukua mpya, akaandika pole pole, Thirza Ellerskey, akaibandika kifuani.

"Shangazi, umekosea herufi," msichana wa pale mezani alimwambia.

"Sijakosea."

Akatembea katikati ya ukumbi, baina ya wa jiko na wa dirisha, hadi alipo mdogo wake. Watu wakapisha.

"Lanty. Kitendawili."

"Dada, twende nyumbani. Kondoo hawajaangaliwa."

"Kitendawili."

Lanty alitazama huku na huku. Watu wote wamegeuka, vijitabu mikononi, na wengi waliisoma ile Y kifuani mwa dada yake kabla yake yeye. Alipoiona, kiti alichokishika kikamponyoka.

"Tega," alisema.

"Nimempikia, nimemfulia, nimeketi naye meza moja miaka arobaini na mitano, wala sijapata kumwona."

Mtoto mmoja wa Y alitaka kujibu, mama yake akamziba.

"Umeshindwa?" Thirza aliuliza.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Kila mtu pale alijua mchezo ule, maana W na Y walifundishwa na bibi walewale wa zamani. Walingoja. Lanty alitazama sakafu, akatazama ukutani walipotundika ramani ya Thirza na pini zake, nyeupe juu, kijani kule pembeni pwani.

"Sina mji, dada," alisema, na safari hii ukumbi mzima ulisikia. "Babu Josiah aliutoa."

Kelele zilizofuata Thirza hakukaa kuzisikiliza. Alitoa karatasi mkobani, akaiweka mbele ya Amos kando ya kikombe, akaenda kutafuta koti lake. Lanty alimfuata hadi uani, ufunguo wa gari mkononi, akamfungulia mlango wa mbele kama siku zote.

Thirza aliupita, akasimama penye basi la Barrow, akamwuliza dereva kama kuna nafasi.