Manyunyu Hapa na Pale

Jumanne asubuhi Wamuyu alipofungua droo kutafuta kalamu, aliikuta imejaa mchanga hadi ukingoni. Akaumwaga kwenye pipa, akapangusa kiti kwa kiganja, akaketi kuandika utabiri wake. Ulikuwa mchanga mwekundu, laini, bado una joto la jua. Kila Aprili ulifika ofisini wiki ileile ambayo mashine za manispaa hupita Kista, kitongoji cha Stockholm, zikifagia changarawe zilizomwagwa barabarani kuzuia utelezi wa barafu, kwa hiyo Alma, mkuu wa ofisi, alishikilia kwamba watu wanauingiza kwa viatu. Alibandika tangazo mlangoni na kuweka kapu la vifuko vya plastiki vya buluu vya kuvalia juu ya viatu. Watu wakavivaa. Mchanga ukaendelea kuja.

Kampuni yao ilitabiri hali ya hewa ya nchi za mbali, na fungu la Wamuyu lilikuwa kaskazini mwa Kenya, pale jangwa linapokwenda kuegemea mlima. Kila alipokuwa na utabiri mikononi, eneo lenyewe lilihamia ofisini, ghorofa ya saba, likakaa naye. Mlima ulisimama kati ya mashine ya kahawa na choo cha wageni, kichwa chake kikigusa dari. Laga, yaani ule mto mkavu unaopitisha maji mara chache kwa mwaka, ilianzia miguuni pa mlima, ikakata zulia, ikapita chini ya meza ya mikutano na kuishia kwenye lifti. Hakuna aliyelalamika. Mbuzi wakipita, watu walisogeza mikoba yao.

Utabiri wenyewe uliitwa wa majira ya kuchipua kwa sababu uliuzwa Stockholm. Kule kunakotabiriwa ni masika, na masika hayana adabu za kuchipua polepole kama maua ya bustanini. Mteja alikuwa kundi la waandaaji wa mbio za miguu, za Wazungu wanaolipia wakimbizwe jangwani mpaka kileleni, wateseke kwa hiari yao. Kwa hisani, kampuni ilipeleka utabiri huohuo kwa redio ya kule, usomwe kwa Kiswahili baada ya taarifa ya habari. Alma aliionea fahari sana hisani hiyo. Karibu na lifti alitundika picha ya mzee mfugaji akisikiliza redio.

Asubuhi hiyo hapakuwa na la kubahatisha. Mlima ulikuwa umejifunika wingu jeusi mpaka kiunoni, na waliokwenda kuchukua kahawa walirudi mabega yamelowa. Wamuyu alipitia vipimo vyake vyote, navyo vilisema yaleyale. Akaandika: mafuriko ya ghafla lagani, Alhamisi alasiri, watu na mifugo wahamie mahali pa juu.

Bado hajainua kichwa, simu ikalia. Alikuwa Dominic, mpimaji wa mvua aliyekaa chini ya ule mlima na kumsomea vipimo kila siku. Hawakuwahi kuonana, lakini walijuliana hali kama watu wa boma moja.

"Dada Wamuyu, mnaendeleaje na hiyo baridi yenu?"

"Tunavumilia, kaka. Mama hajambo?"

"Mama ni mzima, ila kichwa ngumu. Tumepiga kambi ndani ya laga, tumechimba visima, mbuzi wanakunywa. Nikimwambia tutoke, anasema mchanga wa hapa hauumizi mgongo. Sasa wewe niambie, na nikimwambia ni wewe umesema, atasikia. Tukae ama tuhame?"

Jibu lilikuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta. Ni neno moja tu, hameni, na mtoto wa chekechea angeliweza kulisema. Lakini kampuni ilikuwa na sheria kwamba hakuna utabiri unaotoka kabla ya kikao kuafikiana maneno, na Wamuyu alikuwa amekaa Sweden muda wa kutosha kuanza kuamini kwamba jambo haliwi kweli mpaka wote mezani wamelikubali.

"Kesho tuna kikao," alisema. "Wewe sikiliza redio kesho jioni."

"Haya, dada. Nitasikiliza."

Kikao kilifanyika Jumatano, pamoja na kahawa na yale maandazi ya mdalasini ambayo bila hayo hakuna jambo linaloafikiwa nchini humo. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye maandazi. Watu walitafuna polepole, midomo imefungwa, na kwenye kimya kile ulisikia meno yakisaga.

"Kazi nzuri sana, Wamuyu," Alma alisema. "Ila hili neno mafuriko. Linatisha. Wakimbiaji wakilisoma watajitoa, na mbio zitakufa. Tunaweza kupata neno ambalo sote tunajisikia vizuri nalo?"

Mohamed, wa meza ya jirani, alipendekeza mvua kubwa. Mwingine akasema kubwa kuliko ipi? Ikabaki mvua. Mvua nayo ikaonekana inasema mno. Wakanywa kahawa, wakafikiri, kila mmoja akapewa nafasi ya kutoa maoni bila kukatizwa, na mwishowe wakafika kwenye manyunyu hapa na pale. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyesema uongo, maana kuna mahali pangepata manyunyu kweli. Chini ya meza mbuzi alikuwa amelala katikati ya laga, akicheua.

"Wamuyu, hilo linakutosha?"

Wote walimtazama kwa upole. Ule upole ulimkaba kuliko kelele yoyote. Akatikisa kichwa kukubali, na jina lake likaandikwa chini ya utabiri, kama ilivyo desturi.

Baada ya kikao alimwona Alma ndani ya kibanda cha kioo cha kupigia simu, akiongea na waandaaji wa mbio. Mlango haukufunga vizuri kwa sababu ya mchanga. "Hamisheni kambi yenu leo," Alma alikuwa akisema. "Isiwe lagani kabisa. Nendeni kwenye ile hoteli ya mlimani."

Alipotoka, Wamuyu alimsimamisha. "Kumbe umewaambia."

"Kwa mdomo tu. Wale ni wateja wetu."

"Na watu wa redio?"

"Redio ina maneno tuliyokubaliana." Alma alimgusa bega. "Wewe pia ulikubali."

Wamuyu alichukua simu yake. Alipita ubavuni mwa mlima kuelekea chooni, akampigia Dominic huku wingu likimdondokea utosini. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa, ilisema simu. Alipiga tena kwenye treni, akapiga aliposhuka kubadilisha treni kituo cha Västra skogen, akapiga jikoni kwake Rissne huku binti yake Eve akimuuliza kwa Kiswidi kwa nini nywele zake zinanuka vumbi. Sauti ilikuwa ileile.

Maji yalikuja Alhamisi saa ya kahawa. Kwanza ulisikika mngurumo karibu na choo cha wageni, kama lori linarudi nyuma, kisha yakatokea miguuni pa mlima, ya kahawia, na povu juu. Yalikata zulia, yakapita chini ya meza. Watu walinyanyua miguu. Mohamed alinyanyua kompyuta yake. Yalipita masufuria, magogo, kandambili za matairi, godoro, na mbuzi wengi matumbo juu, na uvundo ambao hata dirisha lilipofunguliwa haukutoka. Kisha yote yakaingia kwenye lifti na mlango ukajifunga.

"Tulikuwa tumefika wapi?" Alma aliuliza.

Jioni alikuja Concessa, Mrundi anayesafisha jengo, aliyekuwa akiimba na Wamuyu kwaya ya Kiswahili siku za Jumapili. Mbuzi waliokwama chini ya meza walikuwa wameanza kuvimba. Concessa alimfuata Alma kumuuliza wale ni taka za aina gani, kwa sababu kulikuwa na pipa la karatasi, la plastiki na la mabaki ya chakula, na mtu akikosea kutenganisha anaandikiwa onyo. Alma alifikiri kidogo, akasema mabaki ya chakula.

"Mama Eve," Concessa alisema, huku akilazimisha pembe iingie kwenye mfuko wa karatasi, "mimi uchafu nimeuona, kwetu na hapa. Lakini huu unanishinda. Huyu mtu ananiambia chakula!" Akajifunga kitambaa puani, akaendelea. Wamuyu alivua vile vifuko vya buluu, akapiga magoti kumsaidia, akatapika kwenye ndoo.

Ijumaa Dominic alipatikana. Kama kawaida yake, alianza na kipimo. Kilijaa, alisema, kikamwagika, kisha kikasombwa, kwa hiyo leo hana la kusoma.

"Na mama?"

"Mama hatujampata. Tumepata uzi wa ushanga wake umenasa kwenye mti. Shanga zenyewe zilienda na maji."

Wamuyu hakuweza kusema pole. Alisema, "Redio ulisikiliza?"

"Niliisikiliza. Vijana walikuwa wameshaanza kufunga mizigo. Halafu nikasikia wakitaja jina lako, nikawaambia waifungue. Nikamwambia mama, ni yule dada. Sasa, utaomba waniletee kipimo kingine?"

Jumanne iliyofuata waandaaji wa mbio walituma keki, ile ya kijani yenye waridi la sukari juu, kwa kuwa hakuna mkimbiaji aliyelowa hata soksi. Kikao kikaipima kazi na kuona utabiri ulitimia, kwani upande wa mashariki palinyesha manyunyu hapa na pale. Wakakata keki. Ndani yake mlikuwa na shanga, nyekundu na buluu, ndogondogo. Kila aliyeumia jino aliutoa ushanga kwa ncha ya ulimi, kistaarabu, akauweka ukingoni mwa kisahani kama kokwa, akaendelea kula.

Za Wamuyu zilikuwa nyingi. Hakuziweka kisahanini. Alizishika mdomoni, na tonge baada ya tonge zikaongezeka mpaka mashavu yakamvimba na ladha ya tope ikajaa kinywa chote.

"Basi, kwa mvua za vuli," Alma alisema, akifuta krimu mdomoni, "tunaweza kutumia maneno haya haya? Wamuyu, hilo linakutosha?"

Wamuyu alimkodolea macho. Ili aseme angelazimika kuzitema, na kuzitema hakutaka, si pale, si kwenye sahani zile. Wakamsubiri kwa upole. Kwa kuwa hakusema kitu, Alma aliandika kwamba wameafikiana, akamwita Concessa aje kuondoa visahani.