Mbwa wa Nyuma ya Mnara

...na mshale umesimama palepale juu ya neno Ndiyo, kidole changu juu ya kipanya, kazi ni kubonyeza tu, na Hnat ananipigia kelele masikioni, "Bonyeza basi we Ostap, kiraka nimekishona kwa mkono mmoja, wewe mwenye miwili unashindwa nini?" halafu anacheka, anacheka hivyo tangu arudi kutoka vitani bila mkono wa kushoto, mimi ningelia, na kiraka chake cha kompyuta kinalisafisha gemu zima, lile gemu letu kuukuu la risasi na kinamasi, maji yatang'aa, nyuso za askari zitakuwa na ndevu na makunyanzi, na ukungu utaondoka, hapo ndipo penyewe, ukungu utaondoka, na Nazar alikataza... kaka yangu Nazar, enzi hizo ana miaka kumi na minne, anatafuna mbegu za alizeti, maganda yanaangukia kibodi, ananivuta sikio, "Hili haliguswi, umesikia? Ukungu ndio gemu lenyewe. Ukiuondoa utabaki na nini, nyasi?" nami nimebanana naye kwenye kiti kimoja, tunatembea kinamasini mpaka kwenye mnara wa maji, tunazima tochi, tunasikiliza, na kule mbele, ndani ya weupe, mbwa anabweka, siku zote mbwa yuleyule, hatukuwahi kumwona, Nazar alisema yupo, anatungoja, ipo siku tutamfikia, na mimi naogopa, na bado nataka turudi tena kesho... Korido iko kimya. Mama ameshaipua supu ya borshi, harufu ya kitunguu saumu imejaa nyumba, na sasa hivi nimesikia kabati likifunguliwa, lile la makoti, sitaki kulisikia hilo kabati. "Upo?" Hnat huyo, "umeme wenu unakatika saa nane, na hiki kiraka kizito, utanilaumu," nasema nipo, "Sasa unaogopa nini, bwana mdogo?" Naogopa, ndiyo, naogopa kama kuku aliyeona kisu, tangu walipopiga simu watu wa kikosi cha Nazar huko vitani wakasema kuna miili imerudishwa, haina majina, wanahitaji mate ya mama na mate ya ndugu wa tumbo moja wayalinganishe, pamba tu mdomoni, haiumi, na mimi kila siku nina sababu, leo kazi, kesho king'ora, keshokutwa mafua, na mama hajanilazimisha, ananitazama tu kisha anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, maana bila mate yetu Nazar hajulikani alipo, na asiyejulikana alipo si maiti, yupo mahali, ndani ya weupe, anabweka... Mungu nisamehe, nimewaza nini. "Hnat," nasema, "yule mbwa wa kwenye mnara, ukungu ukiondoka anaonekana?" na Hnat hacheki tena, sauti inashuka, "Hakuna mbwa, mdogo wangu. Mafaili yote nimeyafungua. Ni sauti tu, imetundikwa hewani. Nyuma ya mnara ardhi yenyewe inaisha, hatua chache hivi, basi. Nazar anajua, nilimwambia tukiwa shule. Akasema nikithubutu kukuambia atanivunja pua." Alijua. Alijua, na bado kila jioni alizima tochi akaninong'oneza, nyamaza, sikiliza, yule, anatungoja, alijua hakuna kitu na akanishikia ule ukungu kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu nilikuwa mtoto, na mimi si mtoto tena, ee Nazar, nimeota mvi moja, nimeiona juzi... Kigoda cha korido kimelia. Mama amekaa. Sihitaji kutazama, amevaa koti, amevaa viatu, mkoba uko mapajani, amekaa kama tunavyokaa sote kabla ya safari, nyumba nzima, bila neno, ili njia iwe nyeupe, na Nazar siku ile hakukaa, gari lilikuwa linapiga honi, akarudi mbio kuchukua chaja, mama akamwambia kaa, mwanangu, japo kidogo, Nazar akambusu mama utosini, "Nitakaa nikirudi, mama," na tangu siku hiyo mama halaumu kikosi wala adui, analaumu kigoda. "Ostap." Hapazi sauti. "Njoo ukae, mwanangu." Mshale uko palepale juu ya Ndiyo. Hnat anauliza nimebonyeza au sijabonyeza, sijabonyeza, sitabonyeza, ukungu huu ni wake, uachwe, mbwa na abweke, lakini ule mwingine, ule anaokaa nao mama kwenye kigoda, ule nimeushikilia mimi, mimi na mafua yangu... naja, mama, nasema, au nadhani nimesema, maana mdomo umenikauka kabisa, sijui hayo mate watayapata wapi.