Shuka la Chumba cha Mwisho

"Bibi, wewe ndiye unayesafisha kile chumba cha mwisho?"

Bibi Ndoo akasimamisha dekio. Miaka kumi na tisa alipiga deki hospitali ile, na wagonjwa walimuuliza choo kiko wapi, basi. Huyu mama kijana alikuwa kitandani, fomu mapajani, mimba ya wiki ishirini na tatu ikitishia kutoka. Daktari alitaka jibu kabla ya saa sita: mtoto atiwe kwenye mfuko wa maji ya uvuguvugu uliounganishwa na mashine, akue humo kama bado yumo tumboni. Angekuwa mtoto wa kwanza. Kabla yake walitiwa wanakondoo tu, katika chumba cha mwisho.

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Nimeonyeshwa picha ya mwanakondoo aliyepona. Wewe uliwaona wangapi?"

Ya chumba kile alikatazwa kuyasema, na hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

"Tisa," akasema. "Watano walitoka wakasimama. Wanne walitolewa wamefunikwa."

Mama aliweka mkono juu ya tumbo. "Bila mfuko, wa umri huu hapa hajapona hata mmoja. Hilo daktari amenificha? Hapana, kaniambia." Kisha akauliza kitu ambacho Bibi Ndoo hakukitarajia: "Humo ndani kuna giza?"

"Giza litoke wapi! Taa zinawaka kutwa kucha. Mimi nikiingia nilikuwa nawafunika shuka juu ya mfuko. Tumbo gani lina taa? Nikagombezwa mpaka basi. Ila fundi wa mashine alikuja kuniuliza nawafanyia nini, maana mioyo yao ilikuwa inatulia nikiwa ndani."

"Wakaliacha shuka?"

"Walilitoa. Wanataka kuwaona."

Mlango ukafunguka. "Mama, umeamua?" aliuliza daktari.

"Kwanza niambie habari za wale wanne."

Daktari akamtazama mfagizi. Mfagizi akaitazama ndoo yake, lakini hakuondoka. Hatimaye daktari alivuta kiti, akaketi, akaeleza mmoja baada ya mwingine. Alichukua muda mrefu, na mara mbili alisema hajui.

Mama alitia saini. Halafu akavuta shuka alilojifunika, lile alilokuja nalo kutoka nyumbani, akalikunja taratibu.

"Hili litaingia naye," alimwambia daktari, lakini alimnyooshea Bibi Ndoo.

Daktari alilitazama shuka, akachukua fomu. Bibi Ndoo alijifuta mikono kwenye aproni, akaitazama, akajifuta tena, ndipo akalipokea.