Sebule Chini ya Ubavu

Mama Pindo alivua blauzi, akaitundika kwenye msumari, akavaa gauni la hospitali linalofungwa kwa kamba mgongoni. Kamba moja ilikuwa imekatika. Yeye ni fundi cherehani, na kamba iliyokatika humkera kuliko baridi ya chumba cha vipimo. Titi la kushoto lilikwisha kuondolewa, dawa za mishipani alizimaliza, mionzi pia, na nywele zilikuwa zinaota upya, laini kama za mtoto mchanga. Kilichobaki ni kuja kupigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, ionekane kama saratani imerudi.

Kwenye benchi la nje mumewe alikuwa ameupakata mkoba wake. Mwalimu huyu, ambaye zamani hata maji ya kunywa aliletewa mkononi, siku hizi alipika, akafua, na kumwita "mpenzi" mbele za watu. Majirani walimsifu hadi wakachoka. Mama Pindo alimtazama kwa jicho la pembeni. Panya naye hupuliza, alijisemea, lakini hupuliza pale anapong'ata.

Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Mpiga picha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikitazama kioo cha kompyuta kwa kitambo.

"Mapafu safi, mama. Mifupa safi. Ila upande wa kushoto, chini ya ubavu, kuna sebule. Mara iliyopita ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Basi njoo uione."

Ilikuwa sebule ndogo, nadhifu: kochi la watu wawili, meza ya kioo, mapazia ya maua yenye pindo la mishono miwili. Mama Pindo aliijua kazi ya mkono wake. Kitambaa hicho aliletewa na wifi yake wakati dawa zinamtapisha, akaambiwa ni cha rafiki wa kazini, akakishona ndoo ikiwa miguuni. Na kwenye kochi alikaa mwalimu, soksi kazivua.

"Huyu si yule aliyeko nje?"

"Ndiye."

"Anaonekana kapumzika," alisema mpiga picha, akabonyeza kuhifadhi.

Daktari aliipima ukuta kwa ukuta. "Kingo zake ni laini," alisema. "Zenye kingo laini kwa kawaida hazina madhara. Hatutaikata. Tutaifuatilia."

"Wamesemaje?" mwalimu aliuliza njiani.

"Safi."

Mwalimu akashusha pumzi. Mama Pindo aliisikiliza pumzi ile mpaka mwisho, asiweze kujua kama ni ya kushukuru au ya kupiga hesabu.

Tangu hapo akawa mtu wa kutega masikio. Akipiga pasi, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilimpanda kutoka kwapani, na jikoni kwake moto haujawashwa. Wifi alipokuja kumjulia hali, alimuuliza, "Wifi, yule rafiki yako, mapazia yalimkaa?"

"Yalimkaa sana, wifi yangu. Una mkono wa dhahabu." Hata kope haikumcheza.

Mvua zilipoanza, Mama Pindo akaanza kukohoa. Picha ya pili ikaonyesha kwamba sebule imeongezewa jiko na chumba cha kulala. Mwanamke mgeni alikuwa anakunja nepi. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, na wifi pembeni yake, wote wawili wakiwa na vikombe mkononi. Ukoo mzima ulikuwa umekaa kama watu wa siku nyingi.

"Imekua," alisema mpiga picha. "Na hapa jikoni bati limetoboka. Ndiyo maana unakohoa."

Jioni, wakila, Mama Pindo alisema, "Bati la kule jikoni linavuja. Maji yananiingia ubavuni."

Mwalimu aliacha kutafuna. Mama Pindo alikuwa amejiandalia jibu kwa kila uongo atakaoletewa.

"Upande gani?" mwalimu aliuliza.

"Juu ya sinki."

"Nitapeleka fundi."

Majibu yote aliyoyaandaa yakakosa kazi. Akabaki na swali. "Mlinizika lini?"

"Pale daktari alipotuambia tujiandae kwa lolote. Mama akasema mwanamume hawezi kukaa peke yake na nyumba." Alimega tonge, akalishika bila kulila. "Halafu ukapona." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeeleza kwa nini harusi iliahirishwa.

"Na baada ya kupona?"

"Watu walishahamia," alisema mwalimu.

Fundi alikwenda, kikohozi kikaisha. Katika kipimo kilichofuata daktari alimpa mkono. "Hongera. Saratani hakuna. Na hiyo nyumba imetulia. Wengi wanaishi nazo bila kujua, mama. Wewe angalau unaijua."

Jumamosi mwalimu alipiga pasi shati lake mwenyewe, akamuaga Mama Pindo kwa kumwita "mpenzi", akasema anakwenda kufundisha masomo ya ziada. Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani. Akasikia mlango wa mbele ukifungwa. Baada ya kitambo, chini ya ubavu, akasikia mlango mwingine ukifunguliwa, na mtoto akishangilia. Akahamishia uzito wake upande wa kulia, akaendelea kushona.