Kompyuta Iliyopigwa Bandi

Mjukuu wangu wa kike tunamwita Nukta. Alizaliwa mdogo mpaka mkunga akauliza kama mwenzake amebaki ndani. Leo ni msichana mzima, ananipita kimo, na kuna kazi mbili hakuna anayemfikia hapa mtaani: kukunja pindo lisilo na kikunyanzi, na kulinda lango.

Lango lenyewe ni la kwenye gemu. Wanacheza watano kwa watano, kila mtu kwao kwenye kompyuta yake, wanasemezana kwa hedifoni. Nukta alikuwa akichezea kwenye kibanda cha kulipia kwa saa, na sifa zake zikafika kwa timu moja ambayo mlinzi wao wa lango alikuwa ameacha. Nahodha, naye msichana, akampigia simu. Mimi nilikuwa natunga uzi, nikasikia yote.

"Jumamosi alasiri tunakujaribu," akasema. "Lakini uwe na mashine yako mwenyewe. Sisi mazoezi kila jioni, na hicho kibanda chenu kinafungwa mapema. Usipokuwa tayari nafasi nampa mwingine, anaisubiri."

Nukta akakata simu akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamwacha ahesabu. Mtu akiwaza humwongezei neno.

Tulikuwa tumetoka kumaliza mapazia ya nyumba moja ya wageni, vyumba vyote na ukumbi. Mimi nilikata na kushona, yeye akapiga pindo na kutia vishikizo. Fungu lake lilikuwepo, nikaliongezea na langu. Pesa zilitosha kununua mara moja. Kukosea hazikutosha.

"Haya, mke mwenza," nikamwambia, "twende tukanunue hiyo kompyuta."

"Bibi, ya gemu hainunuliwi nzima. Zile zilizokwisha kuunganishwa ni ghali, halafu ndani wanatia vitu vya ovyo. Unachagua kipande kimoja kimoja, unaunganisha mwenyewe."

"Kumbe ni ya kushonesha! Ungesema mapema. Hiyo kazi naijua."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Nilimkalisha, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mteja: nguo ya kwenda wapi, utaivaa kutwa nzima au saa moja, utaketi nayo au utacheza ngoma? Akanieleza. Prosesa ndiyo inayofikiri. Kadi ya picha ndiyo inayochora, na kwenye gemu kuchora ndiyo kazi kubwa. Ram ni meza ya kutandazia kazi. Pawa inagawa umeme kwa wote. Akanionyesha kwenye simu kasha alilolitamani, la kioo, lenye feni zinazowaka rangi zote.

"Zuri," nikasema. "Hizo taa zinasaidia kulinda lango?"

"Hapana."

"Kioo?"

"Bibi, basi. Nimekuelewa."

"Sijasema kitu. Nauliza tu."

Alinuna kidogo, kisha akalifuta mwenyewe. Mjomba wake, yaani mwanangu wa pili, alikuwa ametuachia kioo, kibodi, na kasha la kompyuta ya ofisi iliyokufa zamani, la bati, rangi ya meno ya mvuta sigara. Tulikuwa tunawekea vitambaa juu yake. Nikachukua utepe wangu nikalipima urefu, upana na kina, nikatia vipimo kichwani.

Ijumaa asubuhi tukaenda dukani. Ni chumba kirefu chembamba, rafu zimejaa mpaka darini, na muuzaji wake wanamwita Waranti kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, ingawa hakuna aliyewahi kuiona hiyo dhamana. Nukta alizungumza naye kama mtu aliyezaliwa humo. Prosesa akachukua ya kizazi kilichopita. Nikamwelewa mara moja, maana kitambaa cha msimu uliopita kina uimara uleule, kilichoshuka ni bei tu. Ram akataka mbili za wastani badala ya moja kubwa, zifanye kazi kwa pamoja, kisha diski na bodi ya kuvishikilia vyote. Waranti akamletea pawa iliyotumika, rahisi sana.

"Hiyo hapana," Nukta akasema. "Pawa nachukua mpya."

"Dada, pawa ni pawa."

"Ikifa yenyewe, inakufa na wenzake. Nipe mpya."

Nikaona raha. Na mimi uzi sinunui wa ovyo, hata kitambaa kiwe cha bei ya chini vipi.

Ikabaki kadi ya picha. Mpya hatukuiweza, kwa hiyo ilikuwa lazima tuchague zilizotumika. Waranti akaleta moja fupi, inang'aa, ina feni nyekundu. "Hii mali safi, ina waranti."

"Ipigwe bandi kwanza," nikasema.

"Ipigwe nini, bibi?"

"Bandi. Gauni kabla ya kushonwa moja kwa moja linashikizwa kwa uzi mrefu, mteja analivaa, tunaona linapovuta na linapopwaya. Viungwe vyote hapa juu ya meza, bila kasha. Viwake, mjukuu wangu acheze, ndipo nitoe pesa."

"Bibi, hapa si kwa fundi cherehani."

"Ndiyo maana nakufundisha bure."

Nukta akainamisha uso, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Waranti akatandika boksi la karatasi juu ya meza, wakaunganisha. Ikawaka. "Umeona?" akasema, mkono tayari umenyooshwa.

"Gauni kwenye hanga daima linapendeza," nikamjibu. "Ngoja aketi nalo."

Nikavuta kigoda, nikatoa shati lililokuwa linadai vifungo, nikaanza kushona. Nukta akacheza. Wateja wakaingia, wakatoka. Waranti akapita mara huku, mara kule, akanywa chai yake, akanikaribisha nikashukuru. Nilikuwa kwenye kifungo cha mwisho picha ilipoanza kupasuka vipande vya mraba, kama kigae kilichodondoka. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Imepata joto," Nukta akasema.

"Ni siku ya leo tu, jua kali," akasema Waranti.

"Kwetu pia jua linafika," nikamwambia. "Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa nyeusi, haina urembo, ndefu kama mkate. Ilicheza mpaka nikamaliza shati na kufumua pindo zima la sketi. Haikukwama hata mara moja. Bei ileile. Nukta akaigeuza mikononi. "Bibi, ni ndefu sana. Kasha letu litaitosha?"

Nikaitandazia utepe. "Itaingia na nafasi itabaki. Nimepima mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, mimi na utepe huu tunajuana tangu kabla hujazaliwa."

Nikalipa. Waranti akaandika risiti, akanikumbusha: "Mali ikitoka hairudi, bibi. Tuelewane."

"Tumeelewana," nikasema, nikatoka kifua mbele.

Nyumbani Nukta alitandika shuka safi sakafuni akaanza. Bodi ikakaa, prosesa ikakaa, pawa ikakaa. Alipofika kwenye kadi akasukuma, akainamisha, akaitoa, akajaribu kwa ubavu. Kisha akaketi juu ya visigino.

"Haiingii."

"Isukume taratibu."

"Bibi, haiingii. Njoo uone."

Nikavaa miwani nikaangalia. Mbele ndani ya kasha kulikuwa na kijisanduku cha bati, kile kinachoshika diski za zamani, kimekula nafasi yote. Kadi ilizidi vidole vitatu. Na hapo nikalijua kosa, kosa la fundi cherehani hasa: nilipima koti kwa nje nikasahau bitana.

"Nimepima nje," nikamwambia.

Hakunilaumu. Ndicho kilichonichoma zaidi. Alisema tu, polepole, "Ni kesho, bibi. Na Waranti harudishi pesa. Nimwambie nahodha ampe yule mwingine?"

"Simu iache pale pale ilipo. Hicho kijisanduku kimeshikwa na nini?"

"Ribiti. Haifunguki kama skrubu."

"Kilichoshonwa na mtu kinafumuliwa na mtu. Chomoa vitu vyako vyote, kimoja kimoja, virudishe kwenye maboksi yake. Usibakize hata waya."

Tukalibeba kasha tupu kwa jirani yetu, fundi wa mageti. Alikuwa anapanga mabomba, akaliangalia kasha, akatuangalia sisi.

"Mama, leo umeniletea geti la panya?"

"Ni geti kweli, na mlinzi wake huyu hapa. Angalia hiki cha ndani. Kinabeba kitu?"

Akakibonyeza, akatikisa kasha zima, akalisimamisha, akaliegemea kwa kiwiko. "Hakibebi. Kimekaa tu kama mgeni asiyeaga."

"Basi kifumue. Taratibu, usiguse ukuta wa nyuma."

Akachukua drili. Nukta alifumba macho kwa kila ribiti iliyolia. Kijisanduku kilipotoka fundi akakitikisa mkononi, akauliza kama anaweza kukiweka cha kutilia misumari. Tukamwachia, ukawa ndio ujira wake.

Nyumbani nikatoa sumaku yangu ya kuokotea pini. Nukta akaruka. "Bibi! Sumaku na kompyuta mbalimbali!"

"Kompyuta iko wapi? Ipo kwenye maboksi chumba cha pili. Hili bado ni bati."

Nikaipitisha pembe zote, ikatoka na ndevu za chuma. Chembe nyeupe za ribiti za alumini ziligoma kushikwa, nikazinyanyua kwa utepe wa gundi, kisha nikafuta kwa kitambaa chenye unyevu na kukausha kwa kikavu. Kingo zilizokuwa kali nikazivisha kipande cha ngozi ya mkoba wa zamani. Nukta akaunganisha upya. Kadi ikaingia. Safari hii vidole vyangu viwili vilipita mbele yake bila kugusa kitu, na nilipimia ndani.

Alibonyeza. Feni zikazunguka, kioo kikawaka. Hatukupiga kelele. Alinishika mkono tu, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara.

Jumamosi alasiri akavaa hedifoni. Mimi kukaa bure siwezi, nikaenda kwenye cherehani yangu ya miguu, nikamalizia sketi ya watu. Kwa nyuma nilimwona mabega tu. Mwanzo yalikuwa juu, karibu na masikio. Nikamsikia akisema, "Wawili kushoto. Niachieni." Kisha, "Lango lipo." Mabega yakashuka. Mashine haikukwama, na yeye hakukwama. Mara ya pili na ya tatu nikamsikia, "Lango lipo," sasa kwa sauti ile anayonitumia akiniambia chai tayari.

Mwisho akaivua hedifoni, akaishika katikati yetu na kuongeza sauti ili nami nisikie.

"Sawa," nahodha akasema. "Nafasi ni yako, Jumatatu tunaanza. Mashine yako iko vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila feni yako moja inapiga kelele mno, trrr, trrr, mchezo mzima. Itafutie dawa."

Nukta akageuka akaniangalia miguu. Ilikuwa bado inakanyaga.

"Hiyo si feni," akasema. "Huyo ni bibi yangu."

Kisha huko upande wa pili wakaangua kicheko, watu wanne kwa pamoja. Nahodha akauliza kama bibi anaweza kupunguza.

"Mwambie nimebakiza pindo," nikasema, nikaongeza mwendo.